Sidi ya marehemu baba imesoma leo!

Jamani leo nimefurahi mpaka machozi.

Baba alituachia sidi moja, zile za kuchoma zenye mgongo wa kijani, na kompyuta za nyumbani zote hazina hata pa kuiingiza. Mchana nikaipeleka kwa fundi hapa Majengo, yule kijana ana draivu ya zamani kaitunza, akaifuta sidi taratibu kwa kitambaa laini toka katikati kwenda nje, hazungushi kabisa, akaisukuma ndani.

Ikaunguruma, ikanyamaza, ikaunguruma tena...

mara mafaili hayo! Picha za Kondoa, shamba la alizeti, bibi kakaa chini ya mbuyu.

Nikamuuliza inasomaje, akanifungulia draivu nyingine mbovu nione lenzi, kadogo kama punje ya mahindi. Leza inapita hapo inafuata mstari mmoja tu unaozunguka toka katikati mpaka ukingoni, ukiunyoosha unapita kilomita 5, na hakuna kinachoigusa sidi, ni ule mwanga unaorudi ndio unasomwa. Philips na Sony walitoa vipimo vya sidi ya data mwaka 1983, ikabeba kama MB 650, wakati flopi tulizozizoea zilibeba 1.44 tu. Wale watu waliona mbali asee.

Nimehamishia kwenye flashi na simu ya mama palepale, maana rangi ya sidi za kuchoma inafifia miaka ikienda.

Nani mwingine ana sidi za wazee kabatini? Semeni hapa nimwambie fundi, draivu ipo