Pazia la nyuma limegoma, lakini mota haijafa

Nakaa Usa River, kazi yangu iko Arusha mjini. Asubuhi naelekea magharibi, jua liko kisogoni. Jioni narudi mashariki, jua kisogoni tena. Anayeungua si mimi dereva, ni mwanangu kiti cha nyuma. Ndiyo maana pazia la umeme la kioo cha nyuma, ambalo wengi wanaliona pambo la magari ya wakubwa, kwangu ni kitu cha lazima.

Lilianza kupanda kombo, likawa linakwama katikati, mwisho likagoma. Gereji moja Unga Limited chalii akabonyeza swichi, akatikisa kichwa. "Dada, mota imekufa. Tafuta ya mtumba." Huku mlio nausikia kabisa chini ya shelfu ya nyuma, ile iliyo kati ya kiti na kioo! Mota iliyokufa hailii.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, zima redio usikilize. Ukibonyeza pakawa kimya kabisa, anza na umeme: fyuzi (ipime kwa testa, macho hudanganya), swichi, waya, ndipo mota. Ikilia na hakuna kinachosogea, kuna uwezekano meno ya gia ya plastiki yamelika. Ikilia na pazia likaenda upande, chunguza mikono inayolinyanyua. Na usilijaribu gia ikiwa kwenye R. Magari mengi yenye pazia hili hulishusha lenyewe ukirudi nyuma, ili dereva aone, na utaihukumu mota bure.

Tena usilivute kwa nguvu. Ukilazimisha unaweza kuvunja meno ya gia, na hapo sasa kweli utatafuta mota.

Nikampelekea mzee mmoja fundi umeme, Kijenge. Alichomoa terminali hasi ya betri, akang'oa egemeo la kiti, akaanza klipu za shelfu, taratibu mno, kwa sababu plastiki iliyopigwa jua miaka mingi huvunjika kama biskuti. Shelfu haitoki mpaka uchomoe na soketi ya taa ya breki ya juu; wenye haraka hukata waya hapo.

Chini kulikuwa na vumbi letu hili, limeshikana na grisi ya zamani likawa gundi. Mota ilikuwa nzima. Kilichovunjika ni kijiplastiki cha mwisho wa mkono wa kushoto, kile kinachoteleza kwenye reli ya juu ya pazia.

"Shida ni kwamba hiki hakiuzwi peke yake, mama. Nyumbani una ubao wa plastiki wa kukatia nyama?"

"Ninao, mzee wangu. Wa nini tena?"

Kesho yake akaukata kwa msumeno, akachonga kipande kwa tupa mpaka kikaingia kwenye reli. Tulisugua reli kwa mswaki, akapaka grisi ya silikoni kidogo tu, maana ikizidi inaita vumbi.

Sasa linapanda, upande wa kushoto ukichelewa kidogo, na linafika juu. Ubao mwingine nimenunua soko la Kilombero.