Viatu mlangoni

Mwaka wangu wa kwanza Lamu nilikuja na begi la vijitabu vya Injili na haraka zangu za bara. Napiga hodi, hata hali sijauliza, nishaanza kuhubiri. Na viatu miguuni, juu ya mkeka wa watu! Hadi leo naona haya.

Jirani yangu huku Langoni, mama mtu mzima, ndiye aliyenikalisha. "Mwanangu, salamu kwanza. Hujui hata nimeamkaje." Akanimiminia kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, na kipande cha halua. Nikavua viatu. Siku ile sikuhubiri neno; nilisikiliza habari za mguu wake unaovimba na mwanawe aliye baharini.

Mmishonari Hudson Taylor alivaa mavazi ya Kichina kule China mwaka 1855, Wazungu wenzake wakamdharau. Namheshimu sana. Ila mimi sikuvaa buibui, wasije wakadhani najificha; wanajua mimi ni Mkristo. Najitanda leso tu, na Ramadhani sili mbele ya watu.

Juzi nikimkanda ule mguu kwa mafuta ya nazi, akaniuliza mwenyewe kwa nini nafanya hivi. Nikamweleza, polepole, hadi kahawa ikapoa.