Mstari unaotembea chini ya ngozi: ninavyoushughulikia

Kitu cha kwanza ninachoshika si dawa, ni kalamu. Naweka alama kwenye ncha mbichi ya mstari, penye mwasho mkali, kisha naangalia tena baada ya saa 24. Mstari huu, unaochorwa ngozini na minyoo wachanga wa safura ya mbwa na paka, husogea milimita chache hadi sentimita 2 kwa siku. Usiposogea kabisa, nafikiria choa au mzio. Ukikimbia sentimita kadhaa ndani ya saa moja, huyo ni mnyoo mwingine, strongiloidi, anayehitaji kupimwa kinyesi na damu.

Mayai hutoka na kinyesi cha mnyama. Penye mchanga wenye joto, unyevu na kivuli, viluwiluwi, yaani minyoo wachanga walioanguliwa, huwa tayari kupenya ngozi baada ya siku 5 hadi 10. Ndani ya mtu hukwama tabaka la juu la ngozi, wakatangatanga humo mpaka wafe, wiki kadhaa au hata miezi. Kwa hiyo ugonjwa huisha wenyewe; tatizo ni mwasho wa usiku na kujikuna kwa kucha.

Wengi humchokonoa mnyoo kwa sindano kama wanatoa funza, au huchoma na kugandisha mstari. Kazi bure! Funza hukaa pale unapomwona. Huyu ameshapita: mstari ni nyayo zake tu, mwenyewe yuko mbele, kwenye ngozi inayoonekana nzima. Krimu ya steroidi nayo hutuliza mwasho huku mnyoo akiendelea na safari.

Ninachokitegemea ni ivamektini, dawa ya minyoo ya kumeza, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Mtu wa kilo 60 hupata miligramu 12, yaani vidonge 4 vya miligramu 3. Simpi mjamzito wala mtoto aliye chini ya kilo 15. Isipopatikana, albendazoli miligramu 400 kila siku kwa siku 3 hadi 7. Hii pia si ya mjamzito.

Kwa mtoto mdogo napendelea ya kupaka: vidonge 3 vya albendazoli vya miligramu 400, visagwe unga laini kabisa, vichanganywe na gramu 12 za vaselini. Hiyo ni asilimia 10. Hupakwa mara tatu kwa siku, na lazima ipite ncha ya mstari sentimita 2 hivi kuizunguka. Anayepaka juu ya mstari peke yake anatibu njia tupu.

Mwasho hupungua ndani ya siku chache, alama huchukua wiki moja au mbili kufutika. Ncha ikiendelea kusogea baada ya wiki, dozi hurudiwa. Minyoo hao wakileta vipele vilivyokusanyika kwenye vinyweleo, hivyo ndivyo visumbufu zaidi. Mara nyingi dozi moja haivitoshi. Usaha, uvimbe wa moto au homa ni bakteria walioingia kwa kujikuna, na hao wana dawa yao.

Mbwa au paka wa nyumbani apewe dawa ya minyoo siku hiyohiyo, na kinyesi kiokotwe kila siku, kabla mayai hayajaanguliwa.