Siku yangu moja, wiki ya pili baada ya dripu

Saa 11 alfajiri. Nanawa mikono kwa sabuni kwanza, kisha namwekea mume wangu kipimajoto kwapani. "Niko sawa, mke wangu," anasema hata kabla hajafumbua macho. Ndilo jibu lake kwa kila kitu, kwa hiyo nakisubiri kipimajoto. 36.7. Naandika kwenye daftari.

Anatibiwa saratani ya utumbo mpana kwa dawa zinazotundikwa kwa dripu. Wiki hii ya pili baada ya dripu ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, hushuka sana. Kijidudu ambacho mimi kingeniachia mafua tu, yeye kinaweza kumlaza.

Saa 12. Kinywa kina vidonda. Anasukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, mswaki wenyewe ni ule laini kabisa. Dawa za kusukutua zenye pombe tumeziweka kando, zinamchoma.

Saa 1 asubuhi. Anataka kuvaa mwenyewe, nami namwacha. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, namtazama akihangaika na kifungo cha pili cha shati. Vidole vinakishika, kinaponyoka, vinakitafuta tena kwa kupapasa. Akigundua namwangalia ananigeuzia mgongo. Na juzi tu aliniambia ganzi ya vidole imepungua!

Namgeuza taratibu, namfunga vifungo. "Hili daktari lazima alijue, baba."

"Atanipunguzia dawa."

Kumbe ndicho anachokiogopa, kwamba dozi ikishuka ugonjwa utapata mwanya wa kurudi. Namwelewa, tena sana. Lakini ganzi hii inaletwa na oksaliplatini, mojawapo ya dawa za dripu yake, na ikiachwa iendelee inaweza kubaki mikononi na miguuni hata matibabu yakishakwisha. Daktari anaweza kuipunguza au kuisimamisha dawa hiyo moja, nyingine zikaendelea. Hawezi kufanya hivyo kwa mgonjwa anayesema kila kitu ni shwari. Nimechoka kusikia wagonjwa wa saratani wakisifiwa kwa kunyamaza. Kunyamaza kunawaumiza.

Saa 2. Naenda kazini, wifi yangu anabaki naye. Namwachia dawa ya kichefuchefu, anywe kabla ya kula, asingoje mpaka tumbo lianze kuchafuka.

Saa 7 mchana. Napiga simu. Amekula vijiko vichache, anasema chakula kina ladha ya chuma. Namwomba wifi ampe kidogo kidogo kila baada ya muda, na maji yasikatike.

Saa 11 jioni. Narudi, namkuta amelala tangu mchana na bado amechoka. Uchovu huu hauishi kwa usingizi. Mlangoni kuna jirani amekuja kumjulia hali, naye anapiga chafya. Namshukuru, namwomba wasalimiane kwa simu. Mume wangu anaona haya kwa niaba yangu. Mimi sioni.

Saa 2 usiku. "Kichwa kinauma, nipe parasetamoli."

Mkono wangu unafika kwenye dawa, unasimama. Tulionywa tangu mwanzo kwamba parasetamoli hushusha homa na kuificha, ilhali maambukizi yanaendelea ndani. Nampima kwanza. 38.3. Kwa mgonjwa wa dawa hizi, 38 tu ni dharura, hakuna kungoja kukuche. Napiga namba tuliyopewa. Wanasema njooni sasa hivi.

Saa 3. Pale mapokezi sisemi "ana homa" tu, maana tungeambiwa tukae kwenye foleni. Nasema: "Yuko kwenye tiba ya saratani, wiki ya pili, ana homa ya 38.3." Tunapitishwa. Wanachukua damu, na dripu ya antibayotiki inatundikwa bila kusubiri majibu yote.

Daktari wa zamu anauliza kama kuna tatizo jingine. Nafungua daftari, ila mume wangu ananitangulia.

"Vidole. Havihisi kitu. Vifungo nafungwa na mke wangu."

Daktari anamwambia afumbe macho, anamgusa ncha ya kila kidole, anauliza ni kipi. Anakosea vingi. Daktari anaandika kwenye faili kwamba dozi ijadiliwe kabla ya dripu ijayo.

Saa 6. Amelazwa. Namtumia bosi ujumbe kwamba kesho sitafika kazini, kisha namuuliza muuguzi homa itapimwa tena saa ngapi.