Mtambo wa barafu: tulivyofika mbele ya kamati ya bunge la kaunti sisi mama karanga

Mimi ni katibu wa kikundi cha mama karanga, yaani wanawake wanaonunua samaki, kuwakaanga na kuwauza, kwenye bandari moja ndogo ya wavuvi upande huu wa Malindi. Bandari siitaji, wala idara iliyohusika siitaji, kwa sababu watu wenyewe bado tunafanya nao kazi na sitaki kuamsha yaliyolala. Ninalotaka kueleza ni namna tulivyofanya mpaka maafisa wa kaunti wakaitwa na kamati ya bunge wakajibu tuliyoyauliza. Vikundi vingine vimenipigia simu kutaka kujua, na kueleza mwanzo mwisho kila mara nimechoka.

Asiyeishi pwani huenda asijue uzito wa barafu. Kaskazi ikitulia bahari inakuwa shwari na samaki wanashuka kwa wingi: jodari, kolekole, nguru. Kufika saa sita mchana joto limeshika, na mwenye samaki asiye na barafu hana tena bei yake. Anauza kwa bei ya tajiri mwenye gari la barafu, la sivyo sisi tunakaanga usiku kucha na kesho yake soko limejaa samaki wa kukaanga, kila mtu anauza kwa hasara. Kaunti ilituletea mradi wa mtambo wa barafu. Jengo likasimama, likapakwa rangi, kibao kikatundikwa. Mtambo ukaja ndani ya makasha. Barafu haikuja. Kaskazi zikapita, popo wakahamia darini.

Mheshimiwa wetu wa wadi tulimwambia matangani, tukamwambia arusini, tukamwambia alipokuja kugawa basari. Jibu lake lilikuwa lile lile, "Nalifuatilia hilo, mama zangu." Mimi siamini alikuwa akitudanganya. Mwakilishi mmoja akiipigia simu idara anajibiwa kama mwananchi mwingine yeyote, mkubwa yuko mkutanoni. Kamati ni kitu kingine. Kifungu cha 195 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaipa kamati yoyote ya bunge la kaunti uwezo wa kumwita mtu yeyote aje atoe ushahidi au habari, na katika hilo ina nguvu sawa na za Mahakama Kuu: kulazimisha mtu afike, kumwapisha, kudai nyaraka. Kifungu cha 183 nacho kinaulazimisha upande wa gavana uliletee bunge ripoti kamili, na za mara kwa mara. Haya tulielezwa na mwalimu mmoja mstaafu, mteja wetu wa pweza, ambaye Katiba anaitembeza mfukoni pamoja na miwani yake.

Na sisi tuna bahati ya jiografia. Ofisi za gavana ziko Kilifi, lakini bunge la kaunti liko hapa Malindi mjini. Wanaopanda matatu kwenda kujibu ni maafisa. Sisi tunafika kwa tuktuk.

Mwalimu alituzuia tusiandike kitu mpaka tupate karatasi. "Mkienda na kilio mtapewa pole," alisema, "na pole haina sahihi." Basi tukaanza na karatasi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari kwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Huhitaji wakili wala kueleza unazitakia nini. Barua yetu ilikuwa ya ukurasa mmoja: jina la mradi, wadi, mwaka wa fedha, na nyaraka tunazotaka zikitajwa moja moja. Nakala yetu tuligongewa mhuri wa kupokelewa, na huo mhuri ndio uhai wa barua. Bila huo utaambiwa haikufika. Siku zikapita kimya. Tukaandika ya pili, tukitaja kwamba tutapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaiita Ombudsman, ambayo ndiyo inayosimamia sheria hiyo. Tukajibiwa nusu: kiasi cha kandarasi tukapewa, nyaraka zenyewe hatukupewa.

Nusu ile ilitutosha, kwa sababu nyingine ilikuwa hadharani. Bajeti iliyopitishwa ni hati ya umma. Kuisoma ni kama kupara samaki, unaanza mkiani. Kurasa za mbele ni maneno ya sera na majedwali ya idara nzima. Orodha ya miradi kwa wadi iko nyuma kabisa, kwa herufi ndogo. Tulikaa jikoni kwa mwenyekiti wetu, mabinti wawili wa sekondari wakisoma kwenye simu, sisi tukiandika kwenye daftari la mkopo wa kikundi. Mradi wetu tukauona katika mwaka mmoja, tukauona tena mwaka uliofuata kwa kiasi kidogo, kisha ukapotea. Halafu binti mmoja akaja na ripoti ya idara ya maendeleo ya mwaka. Akaisoma kwa sauti, akairudia. Mbele ya jina la bandari yetu pameandikwa mradi umekamilika.

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika hapa. Mama mmoja alitaka twende siku ile ile tukafunge barabara. Mwingine alitaka barua ianze na neno "wezi". Hapo nilisimama kidete, na si kwa uoga. Sheria ya maombi kwa mabunge ya kaunti inataka ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima. Ombi la matusi linakufa kwenye meza ya karani, na wale uliowatukana wanashukuru. Zaidi ya hayo, ukishamwita mtu mwizi umempa nafasi ya kujitetea kwa hasira siku nzima, na mtambo hautajwi.

Tukakaa kuandika, na hapa ndipo penye kazi. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa nne za mateso yetu: samaki walivyooza, watoto walivyofukuzwa shule kwa karo, tajiri alivyotupunja. Kweli tupu, lakini afisa angejibu kila sentensi kwa "tunafahamu changamoto". Mwalimu akasema kila jambo tuligeuze liwe swali ambalo jibu lake ni hati. Kurasa nne zikabaki moja, na maswali yakabaki matatu:

Kati ya kiasi cha kandarasi tulichotajiwa, hadi sasa kimelipwa kiasi gani? Tunaomba vyeti vya malipo viwasilishwe. Je, kuunganisha umeme wa fezi tatu, ambao mtambo huo hauwezi kuwaka bila yake, kulikuwamo kwenye BQ, yaani ile orodha ya kazi, vifaa na gharama zake? Tunaomba BQ. Na kwa kuwa ripoti inasema mradi umekamilika, kamati ya ukaguzi na upokeaji ilitia sahihi lini, na ilipokea nini? Tunaomba cheti chake.

Hilo la tatu ndilo lililokuwa na meno. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inataka kazi au bidhaa ikaguliwe na kupokewa na kamati inayotoa cheti. Majina yapo. Tarehe ipo.

Mambo mengine ya ombi ni ya kufuata tu: ueleze juhudi ulizokwisha kufanya (tukabandika zile barua zenye mhuri), useme kama jambo liko mahakamani au haliko, umalizie kwa kutaja unachoomba bunge lifanye, kisha majina, namba za kitambulisho, na sahihi au alama ya kidole gumba. Wavuvi wengine walikataa kutia kidole, wakisema karatasi za namna hii ndizo watu wanazoomba mikopo nazo. Sikubishana nao. Wake zao walitia.

Karani wa bunge alipokea, akakagua, na baada ya muda spika akaliwasilisha bungeni na kulipeleka kwa kamati ya kisekta. Kwa kuwa mheshimiwa wetu alikuwa hajui kitu mpaka lilipokaribia kusomwa, alikuja mbio bandarini amenuna: "Shangazi, mngeniambia mimi." Nikamwambia, "Mwanangu, tumekwambia. Sasa tunataka ukae kwenye ile kamati uulize." Akaja kweli, na siku ile aliuliza vizuri kuliko wote. Huyu nimempa haki yake.

Siku ya kikao, askari wa getini alituambia kikao ni cha waheshimiwa. Kifungu cha 196 kinasema vikao vya bunge la kaunti na vya kamati zake vifanyike wazi, na umma hauwezi kufungiwa nje isipokuwa spika ameamua kwamba kuna sababu ya pekee. Mwalimu alikuwa na ukurasa tayari. Alimsomea askari taratibu, kama anamsomea mjukuu, na mwisho akamuuliza kama spika ameandika hiyo sababu. Askari akapiga simu ndani, kisha akatufungulia. Tukakaa nyuma, leso zetu mabegani, harufu ya samaki ikitutangulia kidogo.

Waziri wa kaunti alikuja na afisa mkuu wa idara, ambaye kisheria ndiye anayebeba dhamana ya pesa zake, na mhandisi mwenye faili mbili. Waziri alianza kwa hotuba ya uchumi wa samawati, yaani wa bahari. Mwenyekiti wa kamati akamwacha amalize, kisha akasoma swali letu la kwanza neno kwa neno. Vyeti vya malipo vikatolewa. La pili: mhandisi akafungua BQ ya jengo, akafunua, akafunua, akasema nyaya za ndani na swichi zimo, laini ya nje haimo. Na BQ ya mtambo? Mtambo ulinunuliwa kwa zabuni nyingine. Hiyo ilikuwa kuleta na kufunga tu. Mheshimiwa wetu akauliza, "Kwa hiyo umeme kutoka nguzoni ulikuwa kazi ya nani?" Afisa mkuu akamtazama mhandisi. Mhandisi akatoa barua moja kwenye faili ya pili: makadirio ya gharama ya kuvuta laini na kuweka transfoma, yaliyotolewa na kampuni ya umeme zamani, muda wake umepita, hayakulipiwa.

Cheti cha upokeaji nacho kikaja. Kilikuwa sahihi kabisa, kwa jengo. Ile kamati ilipokea jengo, ikatia sahihi, na aliyekuwa akiandika ripoti ya mwaka akaona cheti, akaandika mradi umekamilika. Nilikuja nikitegemea kuona mwizi. Nilichoona ni karatasi tatu, kila moja ya kweli, na baina yake pengo la mita mia kadhaa za waya ambalo halikuwa la mtu. Bado nadhani kuna aliyelijua pengo hilo akanyamaza, lakini hilo ni langu, halimo kwenye taarifa.

Baadaye kamati ilikuja bandarini kujionea. Watu walisema wanakuja kula posho. Huenda. Lakini mwenyekiti aliingia mwenyewe ndani, akapiga tochi kwenye makasha, akamwambia mhandisi ayafungue mbele yake. Mpira wa bomba moja ulikuwa umeliwa na panya. Likaandikwa.

Ripoti ya kamati ilijadiliwa ikapitishwa na bunge. Watu wengi hawaelewi hapa, kwa hiyo nitalisema wazi: kamati haijengi, hailipi, haifukuzi mtu. Inapendekeza. Baada ya hapo kuna kamati ya utekelezaji inayouliza kama mapendekezo yamefuatwa, na ukiacha kuikumbusha italala. Sisi tulikuwa tukimwona karani kila tukishuka mjini na samaki, kumsalimia tu, na kumuuliza. Nguvu ya pili ya bunge ni pesa. Bajeti ya nyongeza ilipokuja, laini na transfoma vilikuwamo, kwa jina la bandari yetu, na tulijua ukurasa wa kuutafuta.

Mtambo sasa unawaka. Si kila siku, kwa kuwa bili ya umeme ni kubwa na mkataba wa uendeshaji baina ya idara na kamati ya wavuvi haujatiwa sahihi. Wavuvi wanataka kuuendesha mtambo wao peke yao, sisi tunataka viti viwili kwenye kamati hiyo. Na bei ya barafu haiwezi kutozwa na kaunti mpaka iwe imewekwa kisheria, kwa hiyo imeingizwa kwenye Mswada wa Fedha wa kaunti. Kiwango kilichoandikwa humo kinakaribia kile cha tajiri. Tumekwisha kupeleka maoni yetu ya maandishi, tukiomba hesabu iliyotumika kufikia bei hiyo, na siku ya kusikiliza umma mwenyekiti wetu ndiye atakayesema. Mimi zamu yangu ya kukaanga ni siku hiyo.