Picha za ndege zinapungua uzito: kumbukumbu ya wiki tatu

Wiki ya kwanza

Nimeanza kwa kupima, maana huko nyuma niliwahi kubana picha kwa kubahatisha nisijue nimeokoa nini. Ukurasa wa mbele wa tovuti yangu ya ndege, wale wenye manyoya, una picha 12, jumla megabaiti 61. Anayeufungua kwa bando la simu analipia zote hizo, hata akitazama picha mbili na kuondoka. Hilo linaniuma, na ndilo lililonisukuma.

Kamera inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, yaani pikseli milioni 24, lakini nafasi yake ukurasani ina upana wa 800 tu. Kivinjari kinaipakua nzima, ndipo kinaifinya iingie. Nimetengeneza nakala za upana wa 800, na za 1600 kwa skrini zenye pikseli nyingi, nikaziorodhesha kwenye srcset, sehemu ya msimbo wa ukurasa inayotaja saizi za picha zilizopo, ili kivinjari kichague chenyewe. Ukurasa umeshuka hadi megabaiti 5 na kidogo, na bado sijagusa ubora wala fomati, yaani aina ya faili la picha!

Wiki ya pili

Zamu ya ubora. JPEG, fomati ya kawaida ya picha, huigawa picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kimoja hutupa kwanza mabadiliko madogo ambayo jicho halina habari nayo. Nilishusha ubora hadi 50 kati ya 100 nikamkuza mwewe mmoja aliyepigwa akiwa angani. Manyoya ya kifua yalikuwa mazuri bado. Ila kwenye ncha za mbawa, pale weusi unapokutana na anga, palizuka madoa kama vumbi, na anga yenyewe ikakatika vipande kama vigae. Kumbe sehemu iliyo tupu ndiyo inayoumbuka mapema. Kwa 78 sioni tofauti na ya awali, nimebaki hapo.

Kisha WebP, fomati iliyotolewa na Google mwaka 2010 na inayosomwa na vivinjari vyote vikubwa siku hizi. Kwa picha zangu imepunguza karibu theluthi nyingine. AVIF, fomati nyingine, inabana zaidi, lakini kompyuta yangu inachukua muda mrefu mno kuitengeneza, kwa hiyo nimeiweka kando. Nakala zote nazitoa kwenye picha ya asili, kamwe si kwenye JPEG iliyokwisha kubanwa, kwa sababu hasara hujumlishana.

Wiki ya tatu

Nimefuta taarifa za EXIF, maelezo ambayo kamera huyaandika ndani ya faili la picha, na picha tano za wima zikalala ubavu. Kamera haikuwa imezigeuza pikseli zenyewe, iliandika tu ndani ya EXIF kwamba picha isimamishwe. Sasa nageuza kwanza, ndipo nafuta. Kufuta siachi: EXIF inaweza kubeba mahali picha ilipopigwa, na baadhi ya hizi ni za viota vyenye makinda. Sitaki mtu aelekezwe huko na tovuti yangu.

Nimeweka pia agizo la kutopakua picha mpaka msomaji aikaribie. Nililiweka kwa zote, ikawa picha ya juu kabisa inachelewa kutokea, nikaliondoa kwa hiyo moja. Na kila picha sasa imeandikiwa upana na kimo, maandishi hayarukiruki tena inapoingia.

Kipimo cha leo kwenye simu: kilobaiti 290 ukurasa unapofunguka, megabaiti 1.4 ukiushuka mpaka chini. Zimebaki picha 340 za zamani. Kesho naanza na za viota.