Siku moja kitaluni: wembe, vikonyo na miche niliyoiunguza

Saa 11:30 alfajiri. Namwagilia kabla jua la Mtwara halijakasirika. Kitalu changu cha mikorosho kiko njia ya Naliendele. Kuna safu moja naisuuza kwa maji mengi zaidi: miche 40 niliyoiunguza mwenyewe. Wiki iliyopita niliona majani yake ya chini yamekuwa manjano, nikajua ni njaa ya naitrojeni, maana ikipungua mche huinyang'anya majani makuukuu na kuyapa machanga. Hapo sikukosea. Nilikosea mkono, mbolea ya urea nikaimwaga kama chumvi ya mboga ya shughuli. Mzizi hunywa pale maji ya udongoni yanapokuwa mepesi kuliko yaliyomo ndani yake. Mbolea ikizidi nje, maji hurudi yalikotoka. Kiriba, kifuko cha mche, kimelowa chepechepe, na mche unakufa kwa kiu.

Saa 2 asubuhi. Kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo, kijitawi cha mkorosho mama, juu ya mche. Vikonyo nilivikata majani vikiwa bado mtini, siku kadhaa nyuma, ili macho yavimbe. Nachonga ncha kama kabari, napasua shina la mche, nachomeka. Chini ya gome kuna utando mwembamba wenye utelezi, na kazi yote iko hapo. Utando huo ndio unaozaa mishipa: ya ndani hupandisha maji na chumvichumvi, ya nje husafirisha sukari iliyopikwa na majani. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko shina, nakisogeza ukingoni ili utando ukutane na utando hata upande mmoja. Wengi hukiweka katikati kipendeze, kisha wanalaumu mbegu. Nafunga kwa ukanda wa nailoni, navisha kifuko chembamba kama cha barafu za watoto, ili kikonyo kisipoteze unyevu kabla hakijapata pa kunywea.

Saa 5. Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mkorosho wangu umechanua mpaka nikakopa. Korosho sasa nazihesabu kwa vidole!”

Nachuma shada la maua ya mwisho mwisho, napasua moja kwa ukucha. Ndani kuna stameni, nyuzi za chavua, moja ndefu na nyingine fupi fupi; ovari, panapotungwa korosho, hamna. La pili vilevile. La tano ndilo lenye ovari, kijidude cha kijani, na stameni zake pembeni.

“Mengi ni madume, babu. Hayazai, yanatoa chavua tu. Na haya machache yenye kuzaa ukiyaachia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, yanadondoka.”

“Kumbe salfa yangu napulizia madume?”

“Pulizia yote tu. Ubwiriunga hauchagui.”

Anacheka, ananunua miche sita, bei ananipunja kama kawaida yake.

Mchana ni wali, samaki na usingizi.

Saa 10. Naenda kwenye mikorosho mama kutayarisha vikonyo vingine. Mmoja umevamiwa na mlangamia, nyuzi za kijani-manjano zimeusuka kama wavu. Mlangamia hauna jani la maana wala mzizi ardhini. Umeng'ata matawi kwa vinyonyeo na kunywa humo humo. Nauvuta, unakatika, naurudia. Kipande kikibaki, kesho kimerefuka.

Saa 12 jioni. Narudi kwenye safu yangu ya aibu. Nakwaruza gome kwa ukucha, mche mmoja mmoja: kijani, kahawia, kahawia, kijani. Mizima 13. Iliyobaki naing'oa, mchanga naumwaga mbali na kitalu.